Gari Nafuu Hupimwa Gerejini

Wahenga walinena kuwa rahisi ni ghali. Hekima hii yafaa kumwongoza mbunifu wa magari katika nchi zinazoendelea. Mnamo 1986, Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari ya mfano ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa 1990, lakini hayakufika sokoni. Baadaye, kampuni ya Mobius iliunda gari la barabara mbovu: fremu ya mabomba ya chuma, tumbo lililoinuka, bila kiyoyozi wala vioo vya milango. Hata hivyo, lilikabiliwa na magari ya mtumba kutoka Japani, ambayo vipuri vyake vimeenea. Hivyo basi, unafuu hauishii kwenye bei. Hudhihirika gari liharibikapo: je, fundi wa jua kali aweza kulitengeneza?