Kupanda Kilimanjaro: Siku moja ya ziada ambayo wengi hawataki kuilipia

Ukishuka stendi ya Moshi na begi kubwa mgongoni, haipiti muda kabla hujaulizwa kama unapanda mlima. Mmoja ana kipeperushi, mwingine ana picha kwenye simu, na swali la mgeni karibu kila mara ni lile lile: dola ngapi?

Swali ni la haki kabisa. Shida ni kwamba kwenye biashara hii, bei chee ina mtu anayeilipia. Mara nyingi ni mpagazi. Wakati mwingine ni huyo huyo mgeni, akiwa anatapika nje ya hema saa sita usiku.

Bei inakatwa wapi?

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro inatoza ada kwa kila siku ambayo mgeni anakaa mlimani, na malazi nayo yanalipiwa kwa usiku. Pesa hiyo kampuni haiwezi kuigusa, iwe kubwa au ya mtu mmoja mwenye ofisi ya chumba kimoja. Anayetaka kuuza chini ya wenzake anabaki na sehemu chache za kukata: idadi ya siku, chakula na vifaa, au ujira wa watu wanaobeba mizigo.

Siku ndizo rahisi kukata, kwa sababu mgeni mwenyewe anafurahia safari fupi.

Chukua njia ya Marangu, maarufu kama njia ya Coca-Cola, ambako watu hulala kwenye vibanda badala ya mahema. Ratiba ya siku tano inampeleka mgeni Mandara, karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Kesho yake Horombo, mita 3,720. Siku inayofuata Kibo, karibu mita 4,700. Anapumzika saa chache, anaamshwa usiku huo huo, na safari ya kwenda kilele cha Uhuru chenye mita 5,895 inaanza gizani.

Kwenye karatasi inapendeza. Mwilini ni habari nyingine.

Pale Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi inaingiza karibu nusu ya oksijeni. Mwili una uwezo wa kuzoea, lakini unataka siku kadhaa, na hauangalii kama wewe ni kijana au mkimbiaji wa mbio ndefu. Ukiuharakisha, kichwa kinauma, chakula hakipiti, usingizi unakata. Hali ikizidi, maji hujaa kwenye mapafu au ubongo huvimba, na hapo mtu anaweza kufa. Tiba ya kwanza ni kumshusha, haraka.

Ubunifu usiopigwa picha

Kampuni makini zimejibu tatizo hili kwa jambo linaloonekana dogo mno: siku moja ya ziada.

Marangu ya siku sita inampa mgeni usiku wa pili Horombo. Mchana anatembezwa juu hadi Mawe ya Pundamilia, yale yenye mistari myeusi na myeupe, kisha anarudishwa kulala palepale alipoamkia. Njia ya Machame ya siku saba inagawa mwendo mrefu wa Barranco hadi Barafu kwa kulala Karanga katikati. Kabla ya hapo mgeni ameshapandishwa hadi Lava Tower, karibu mita 4,600, na kushushwa Barranco chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Hiyo ndiyo siri yote.

Ugumu ni kuiuza. Hema jipya linapendeza kwenye tangazo, lakini siku ya ziada haina sura, na inaongeza bei. Kampuni inayomwambia mteja "lipa zaidi, tembea polepole zaidi" inajua mlango wa pili kuna jamaa anayemwambia kinyume.

Mambo mengine yameuzika kwa urahisi. Kuna kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni kwenye damu, na waongozaji wengi hukitumia asubuhi na jioni huku wakimuuliza mgeni amelalaje na amekula nini. Kuna choo cha kubebeka chenye hema lake, kilichozaliwa na malalamiko ya wageni kuhusu vyoo vya kambini. (Ndiyo, kuna mtu kazi yake ni kukibeba.) Na Agosti 2022, TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, uzinduzi ukifanywa na Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari. Picha za mitandaoni ndizo zilizopewa kelele zaidi. Faida kubwa zaidi ni mwongozaji kuweza kuomba msaada mgonjwa akizidiwa.

Mteja haoni jikoni

Nyuma ya mgeni mmoja kuna wapagazi watatu au wanne hivi, wagumu kama wanavyojiita. Wanabeba hema, mitungi ya gesi, viazi, meza na viti, wanampita njiani na kufika kambini kabla yake.

Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani ipo getini. Lakini mizani haipimi kama amekula mara moja au mara tatu, wala kama koti lake linazuia upepo wa Barafu. Wapagazi wamewahi kufa kwa baridi kwenye mlima huu.

Mwaka 2003 ulianzishwa mradi wa KPAP wenye makao Moshi, kwa ajili ya kutetea wapagazi. Unawaazima mavazi ya mlimani bure, na unafuatilia kampuni zilizojiunga nao: ujira, uzito wa mizigo, milo, mahema ya kulala. Majina ya zinazotimiza vigezo huwekwa wazi, na wageni wengi kutoka nje sasa huyatafuta kabla ya kulipa.

Hapo kumtunza mfanyakazi kumegeuka kuwa sehemu ya bidhaa. Na ina mantiki ya kazi pia. Mpagazi aliyeshiba na kuvaa vizuri anafika mapema, hema linasimama, maji ya moto yanamsubiri mgeni. Aliyelala njaa anachelewa, na mgeni anaketi kwenye jiwe akitetemeka.

Jambo lililobaki na utata ni bakshishi, au tipu. Kwa miaka mingi mgeni alimkabidhi mwongozaji bahasha moja, na kilichofika kwa wapagazi alikijua mwongozaji. Baadhi ya kampuni sasa hukusanya timu nzima siku ya mwisho, mgeni anatangaza kiasi cha kila kundi kwa sauti, mbele ya wote. Ukipita geti la Mweka mchana, wanakotokea wanaoshuka, utayaona makundi hayo yamesimama duara. Nyimbo zikiisha, karatasi inasomwa, na wagumu wanasikiliza kwa makini kuliko walivyoimba.