Kampuni ndogo zinavyobuni zana za kijeshi, na funzo lake kwa Ramisi

RAMISI, Kwale

NAHODHA anayetoa mashua yake kwenye mlango wa Mto Ramisi, akaipitisha kando ya mikoko na kuielekeza bahari kuu, zamani aliongozwa na nyota, upepo na vilima vya bara. Siku hizi wapo wavuvi wa pwani ya Kusini wanaobeba simu au kifaa kidogo cha mkononi kinachowaonyesha mahali walipo.

Katika maji yanayopakana na Tanzania, kujua ulipo si anasa. Ni kinga dhidi ya kupotea, na vilevile dhidi ya kukamatwa kwa kuvuka mpaka bila kujua.

Wachache hukumbuka kwamba kifaa hicho asili yake ni ya kijeshi. Mfumo wa GPS ulianzishwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani mwaka 1973, na setilaiti yake ya kwanza ikarushwa mwaka 1978. Ulitangazwa kukamilika mwaka 1995. Hata hivyo, hadi Mei 2000 ishara iliyotumiwa na raia ilikuwa ikipunguzwa usahihi kwa makusudi. Ni wakati huo ambapo serikali ya Rais Bill Clinton iliondoa kizuizi hicho.

Setilaiti zilikuwa za serikali, lakini vifaa vya kupokea ishara zake vilibuniwa kwa sehemu kubwa na kampuni changa. Mwaka 1978, Charles Trimble na wenzake wawili waliacha kazi katika kampuni ya Hewlett-Packard na kuanzisha biashara yao huko California. Vita vya Ghuba vilipozuka mwaka 1991, jeshi la Marekani liligundua kwamba vifaa lilivyokuwa navyo havikutosha askari waliotawanyika jangwani. Likalazimika kununua maelfu ya vifaa vya kiraia, vikiwemo vya Trimble.

Kisa hicho chaeleza kwa nini mataifa makubwa huwekeza fedha katika karakana za watu wachache. Kampuni kubwa ina mitambo na mtaji, lakini pia ina urasimu na hofu ya kupoteza soko la bidhaa yake ya zamani. Kampuni ndogo haina cha kupoteza isipokuwa wazo lake.

Ngazi tatu

Nchini Marekani jambo hili halikuachiwa bahati. Mwaka 1982 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyoanzisha mpango wa utafiti wa biashara ndogo, unaojulikana kwa kifupi kama SBIR. Mbegu yake ilipandwa mwaka 1977 katika Wakfu wa Taifa wa Sayansi, chini ya ofisa aitwaye Roland Tibbetts.

Sheria hiyo ilizitaka idara za serikali zinazotumia zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka kugharimia utafiti unaofanywa nje ya maabara zao, zitenge sehemu ya fedha hizo kwa kampuni zenye wafanyakazi wasiozidi 500. Sehemu hiyo ilianza kwa asilimia 0.2 na kufikia asilimia 3.2 mwaka wa fedha wa 2017. Wizara ya Ulinzi ndiyo iliyokuwa mchangiaji mkubwa kuliko idara nyingine zote.

Utaratibu wenyewe ni wa ngazi tatu. Jeshi hutangaza tatizo linalolikabili, mathalani namna ya kutegua bomu bila kumkaribisha askari. Kampuni hushindana, na inayoshinda hupewa fedha kidogo za miezi sita hadi mwaka mmoja ili ithibitishe kwamba wazo lake lawezekana. Ikifaulu, hupewa fedha zaidi za takriban miaka miwili ili itengeneze kielelezo. Katika ngazi ya tatu fedha za mpango hukoma, na kampuni hutakiwa kupata zabuni ya jeshi au wateja wa kawaida.

Jambo la msingi ni kwamba ubunifu hubaki mali ya mbunifu. Serikali hupata haki ya kuutumia, lakini chini ya mwongozo wa mwaka 2019 haiwezi kuwapa washindani siri za kiufundi za kampuni hiyo kabla ya miaka 20 kupita.

Miongoni mwa kampuni zilizonufaika ni iRobot, iliyoanzishwa mwaka 1990 na wataalamu watatu wa chuo cha MIT. Roboti yake, PackBot, ilipelekwa Afghanistan mwaka 2002 kukagua mapango kabla ya askari kuingia. Mwaka huo huo kampuni hiyo iliuza roboti ya kufagia nyumba.

Dosari

Mpango huo haukukosa lawama. Kampuni nyingi hufika ngazi ya pili zikakwama, kwa kuwa jeshi husifu kielelezo lakini halikiweki katika bajeti ya ununuzi. Nyingine zimelaumiwa kwa kuishi kwa ruzuku mwaka baada ya mwaka bila kuuza chochote.

Aidha, sheria yenyewe huwa na muda maalumu. Muda huo ulipokwisha Septemba 30, 2025 kabla ya Bunge la Marekani kuuongeza, utoaji wa fedha mpya ulikatizwa. Kampuni kubwa huweza kustahimili ukame wa namna hiyo. Ya watu watano hufunga mlango.

Hali ya Afrika Mashariki

Katika eneo hili njia iliyofuatwa ni tofauti. Kenya ina kiwanda cha risasi mjini Eldoret na kile cha silaha ndogo huko Ruiru, kilichofunguliwa na Rais Uhuru Kenyatta Aprili 2021. Tanzania ina Shirika la Mzinga mjini Morogoro na kituo cha magari cha Nyumbu huko Kibaha. Uganda ina Luwero Industries huko Nakasongola. Zote hizo ni mali ya serikali.

Kenya haikosi sheria za kuanzia. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya hazina ya utafiti, kiwango ambacho hakijafikiwa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini nafasi hiyo ni ya kuuza bidhaa na huduma zilizopo. Haimlipi fundi atafute kile ambacho bado hakijakuwepo.

Mahitaji hayako mbali. Huduma ya Walinzi wa Pwani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2018, yahitaji kuona mashua usiku, kuwasiliana palipo na mtandao hafifu na kutafuta waliozama. Mvuvi wa Ramisi ahitaji mambo hayo hayo. Kifaa kimoja kingeweza kuwafaa wote wawili.

Hapo ndipo penye tahadhari pia. Kifaa kinachomwokoa mvuvi chaweza kumpeleleza. Katiba ya mwaka 2010 inaviweka vyombo vya usalama chini ya mamlaka ya kiraia, na fedha za utafiti wa kijeshi hazina budi kupitia jicho hilo. Usiri usio na mipaka huficha ubadhirifu kama unavyoficha silaha.

Ramisi yenyewe yajua gharama ya kutegemea mlango mmoja. Kiwanda chake cha sukari kilipofungwa mwaka 1988, mji uliojengwa juu ya miwa ulipoteza mwajiri wake mkuu, na ujuzi wa mafundi wa mitambo ukabaki bila mnunuzi.

Funzo la mpango wa Marekani haliko katika silaha. Liko katika hatua tatu rahisi: serikali kutaja tatizo lake hadharani, kumlipa mwenye wazo alijaribu, na kumwachia haki ya jasho lake. Bila ya hatua ya nne, ambayo ni kununua kilichofaulu, hizo tatu huwa ni kutwanga maji kinuni.