Je, Wajua? Kijibwa Nje ya Geti

Je, wajua kwamba Chihuahua wa kilo 2 na mbwa wa polisi wa kilo 40 ni jamii moja, na kinachowatofautisha kimo ni sehemu ndogo sana ya urithi wao? Mwaka 2007 wanasayansi walibaini kwamba jeni iitwayo IGF1, inayohusika na ukuaji, ina mkono mkubwa katika kimo cha mbwa. Mwaka 2022 alama ya udogo katika jeni hiyo ikakutwa kwenye mabaki ya mbwa mwitu wa Siberia aliyeishi takriban miaka 54,000 iliyopita. Kwa hiyo udogo haukuletwa na mabibi wa Ulaya waliotaka mbwa wa kupakata. Ulikuwepo porini, watu wakaja kuuchagua. Tukubaliane hapo kwanza: huyu unayemtoa jioni kwa kamba ni mbwa kamili, ila miguu yake ni mifupi.

Wajua kwamba miguu hiyo mifupi huja na umri mrefu? Kwa wanyama wengi, jamii yenye miili mikubwa ndiyo inayoishi sana. Mbwa wameigeuza kanuni hiyo. Great Dane akifika miaka 10 ni mzee wa kuheshimiwa, lakini Chihuahua wengi huvuka 14. Na ile hesabu ya kuzidisha umri wa mbwa mara 7 iachwe tu. Mbwa wa mwaka mmoja anaweza kuwa na watoto wake. Mtoto wetu wa miaka 7 yuko darasa la kwanza au la pili.

Je, wajua kwamba ukosi wa shingoni unaweza kumdhuru? Bomba la hewa la mbwa hushikiliwa na pete za gegedu. Kwa baadhi ya Pomeranian, Chihuahua na Yorkshire terrier, pete hizo hulegea na bomba likabonyea. Kamba ikivutwa, utasikia kikohozi kikavu cha kukwaruza. Mvalishe mkanda wa kifuani, kamba uifunge mgongoni, shingo ipumue.

Na lami je? Hewa ikiwa na nyuzi 25 tu, lami iliyopigwa na jua la mchana inaweza kufika nyuzi 50. Wewe una viatu na kichwa chako kiko mita moja na nusu juu. Tumbo lake liko shubiri moja kutoka barabarani. Weka nyuma ya kiganja chako kwenye lami uhesabu hadi 7. Ukishindwa kuvumilia, rudini nyumbani mkangoje saa kumi na moja.

Mbwa hutoka jasho kidogo tu, kwenye nyayo. Kazi ya kujipoza huifanya kwa kuhema, ulimi nje. Ndiyo maana mbwa wa pua bapa, kama Pug na Pekingese, huzidiwa na joto la Dar au Mombasa kabla wenzao hawajaanza kulalamika: njia yao ya hewa ni fupi na imebanwa. Kumwacha ndani ya gari lililofungwa "dakika mbili tu" unapoingia dukani ni hatari hata siku ya mawingu.

"Dada, huyo ni mbwa au sungura?" aliniuliza mwendesha boda wa kijiweni kwetu.

"Ni mbwa, kaka."

"Anauma?"

Swali la kwanza lilikuwa mzaha, la pili ni la mtu mwenye akili. Je, wajua kwamba mbwa yeyote mzima ana meno 42, awe wa kupakatwa au wa kulinda ghala? Meno yenyewe ya mbwa mdogo hubanana katika taya finyu, ndiyo maana fizi zake huoza mapema, na ya utotoni wakati mwingine hugoma kutoka hadi daktari wa mifugo ayang'oe. Lakini yanauma. Watu hulicheka jeraha la kijibwa, wakalifuta kwa kitambaa na kuendelea na safari. Kichaa cha mbwa hakiangalii kimo. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wakiwa Afrika na Asia, na kwamba katika kila wagonjwa 100, takriban 99 huambukizwa na mbwa. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Hivyo mtu akiumwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Chanjo ya kwanza ya aina hiyo alipewa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, na Louis Pasteur mjini Paris tarehe 6 Julai 1885. Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wilaya na kaunti nyingi hutoa chanjo ya bure kwa mbwa siku hizo. Mpeleke na wa kwako, hata kama hajawahi kutoka nje ya geti. Mbwa 7 kati ya 10 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa pa kupita.

Wajua kwamba Nairobi ina msitu unaomruhusu mbwa? Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, hupokea mbwa wanaoongozwa kwa kamba. Ni msitu uleule ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999, wanyakuzi wa ardhi walipokuwa wameshaanza kuugawana. Anayelalamika kwamba kamba inamnyima mbwa uhuru akumbuke kwamba humo wamo pia digidigi na paa, na juu ya miti wamo tai wenye taji, ambao huwinda tumbili. Kilo 3 za manyoya meupe kwao si mzigo.

Hifadhi za taifa, za Kenya na za Tanzania, haziruhusu mbwa wa kufugwa, na sababu yake haiishii kwenye kuwaogopesha swala. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka na kuanguka. Theluthi moja hivi walikufa. Waliuawa na kirusi cha distempa, na wataalamu walikifuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Tangu hapo kuchanja mbwa wa vijijini kumekuwa sehemu ya kumlinda simba. Sindano ya distempa ya kijibwa chako, basi, si anasa ya watu wa mjini.

Je, wajua kwa nini mpira mwekundu humpotea kwenye nyasi? Jicho la mbwa huona vyema bluu na njano, lakini nyekundu na kijani humchanganya. Akiupata mpira, amesaidiwa na pua. Nunua wa bluu.

Hiyo pua ina vipokezi vya harufu hadi milioni 300, dhidi ya milioni 6 hivi za kwetu. Kumburuta apite haraka kwenye kila nguzo ni kumtembeza kipofu. Mwache anuse, hata kama jirani amechoka kusubiri salamu.

Na akishanusa? Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba madume wadogo huinua mguu kwa pembe kubwa zaidi kuliko wakubwa wanapokojoa. Waliona huenda wanajaribu kuiacha alama yao juu, anayekuja nyuma afikirie amepita jitu.

Wajua Smoky? Alikuwa Yorkshire terrier wa kilo 1.8, kimo chake sentimita 18, aliyeokotwa na wanajeshi wa Marekani katika handaki huko New Guinea mwaka 1944. Mwaka uliofuata, nchini Ufilipino, alivuta waya wa simu kupitia bomba la kalavati lenye upana wa sentimita 20 na urefu wa mita 21 hivi, chini ya uwanja wa ndege. Bila yeye, wangefukua uwanja kwa siku kadhaa huku ndege za adui zikipita juu.

Titanic ilipozama Aprili 1912, mbwa 3 waliokoka: Pomeranian wawili na Pekingese mmoja. Waliweza kubebwa mikononi hadi kwenye mashua. Wakubwa hawakupata nafasi.

Laika, aliyerushwa angani na Wasovieti tarehe 3 Novemba 1957, alikuwa mbwa koko wa mitaa ya Moscow mwenye kilo 6 hivi. Alikufa kwa joto saa chache baada ya kurushwa, na dunia ikaja kuambiwa ukweli huo mwaka 2002. Safari yake haikuwa imepangiwa njia ya kurudi. Wengi humtaja kwa fahari. Mimi kila nikiisoma habari hiyo hunikera.

Je, wajua kwamba mbwa mdogo mmoja anahusiana na taarabu? Nipper alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1884. Jina alilipata kwa tabia yake ya kudona miguu ya wageni kutoka nyuma. Alipokufa, mwenyeji wake Francis Barraud, mchoraji, akamchora ameinamisha kichwa akisikiliza mashine ya sauti. Mwaka 1899 kampuni ya gramafoni ikakubali kuinunua picha, kwa sharti kwamba aifute mashine ya zamani na kuchora ya kwao. Hivyo ndivyo Nipper alivyoingia kwenye nembo ya His Master's Voice. Mwaka 1928 kampuni hiyo ilimsafirisha mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na santuri zake zikawafikia watu wengi kote pwani. Ni kichekesho kizuri cha historia: nembo yenye mbwa ikaingia sebuleni mwa watu ambao mbwa mwenyewe wasingemruhusu kuvuka kizingiti.

Hilo la kizingiti halina haja ya kugombaniwa. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na kilichoguswa nayo huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Lakini Surat al-Kahf inamtaja mbwa wa vijana wa pangoni, na imo hadithi ya mtu aliyesamehewa madhambi kwa kumteremkia mbwa mwenye kiu maji ya kisima kwa kiatu chake. Kwa hiyo mkikutana ngazini na Bi Mkubwa aliyetia udhu, fupisha kamba, mpishe kwanza, umwamkie. Atakuuliza hali ya mbwa siku nyingine.

Wajua kwamba Kongo ina mbwa asiyebweka? Basenji, wa kilo 10 au 11, hutoa mlio wa kupandisha na kushusha kama anaimba, na wawindaji humfunga njuga shingoni ili wajue alipo msituni. Majike wengi wa aina nyingine hupata joto mara 2 kwa mwaka. Wa Basenji hupata mara moja. Mwaka 1937 alipoonyeshwa London katika maonyesho ya Crufts, watu walisongamana kumwona.

Na mchuzi wa jana? Usimpe. Kitunguu, kiwe kibichi au kimekaangwa, huharibu seli nyekundu za damu za mbwa. Zabibu za kwenye pilau huweza kuua figo zake. Chokoleti ina theobromini ambayo mwili wake huitoa polepole mno, na chingamu isiyo na sukari mara nyingi ina zailitoli, inayoshusha sukari ya damu ghafla. Karanga za makadamia, ambazo Kenya huzilima kwa wingi, humlegeza miguu ya nyuma. Kiasi ambacho mbwa wa kilo 30 angekitapika akaendelea kucheza, kwa wa kilo 3 ni cha kukimbilia kwa daktari.

Mkirudi kutoka majanini, mlaze pajani umkague polepole: nyuma ya masikio, kwapani, chini ya mkia, katikati ya vidole. Kupe mwenye njaa ni mdogo kama mbegu ya ufuta na hujibanza palepale unapoona uvivu kufunua manyoya. Mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja bila kupinda. Usimmwagie petroli wala kumchoma kwa kibiriti. Mbwa akipooza baadaye, fizi zikawa nyeupe au mkojo ukageuka mwekundu, huenda ni babesia, ugonjwa wa kupe, na mwili mdogo hauna damu ya akiba. Kagua nyayo pia. Funza si mwenyeji wa Afrika: alishuka Ambriz, Angola, mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazili, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameshaikata Afrika hadi pwani ya mashariki. Mbwa ni mmoja wa wanaomhifadhi.

Ufukweni nako kuna jambo lake. Kinyesi cha mbwa mwenye minyoo ya safura kikiachwa mchangani, mabuu huingia kwenye nyayo za mtoto anayecheza peku na kuchora mstari mwekundu unaowasha, unaosogea kidogo kidogo kila siku. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na okota kinyesi. Uokote kwa nini, maana mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Rwanda mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na Tanzania tarehe 1 Juni 2019? Gazeti kuukuu linatosha, au mfuko wa khaki.

Mwisho, wajua kwamba mbwa anapojisaidia huenda anafuata sumaku ya dunia? Watafiti wa Jamhuri ya Cheki na Ujerumani waliwaangalia mbwa 70 wakijisaidia mara 1,893, wakatangaza mwaka 2013 kwamba uga wa sumaku ukitulia, mbwa hupendelea kujipanga kaskazini na kusini. Mwaka 2014 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Simu yako ina dira. Wakati unasubiri na khaki yako mkononi, ifungue umpime.