Kabla Hujamkabidhi Mtoto Mwenye Ulemavu kwa Kituo



Katika kliniki zetu za watoto huku milimani tunaletewa mtoto wa miezi minane ambaye shingo yake haijakaza, mwingine mwenye mguu kifundo, mwingine anayeanguka kifafa. Tukishampima na kueleza, mara nyingi mama au bibi huuliza: "Sista, hakuna kituo cha kumpeleka?" Wengine husema wameshapata mtu mwema wa mjini aliyeahidi kumchukua.

Swali hili linataka jibu la uangalifu, kwa sababu sheria zinazowahusu wanaotoa huduma kwa watu wenye ulemavu zimebadilika sana. Mzazi anayezijua atamlinda mwanawe. Mwezi huu tuzitazame kwa ufupi.

SHERIA YA ZAMANI NA YA SASA

Mwaka 1982 zilitungwa sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo ya watu wenye ulemavu. Zilikuwa na nia njema, lakini mwenye ulemavu alionekana zaidi kama mtu wa kutunzwa tu. Novemba 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010, iliyofuta zile mbili za 1982 kwa Tanzania Bara.

Sheria hii mpya inasema mwenye ulemavu ana haki: haki ya matibabu na mazoezi ya viungo, haki ya kazi, haki ya kuishi katika jamii yake kama watu wengine. Mtoto mwenye ulemavu atasoma katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano ya pekee. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Zimewekwa kamati za watu wenye ulemavu kuanzia mkoa na wilaya hadi kijiji na mtaa. Nao ndugu wa mtu huyo wana wajibu wa kumsaidia. Baba, mjomba na shangazi wasimwachie mama mzigo peke yake.

VITUO NAVYO VINA SHERIA

Zamani mtu mwenye moyo wa huruma aliweza kukusanya watoto nyumbani kwake na kuita mahali hapo kituo, watu wasiulize sana. Siku hizi haitoshi. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya 2009, inataka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe. Mtoto hapelekwi makaoni kwa makubaliano ya mdomo kati ya mzazi na mwenye kituo. Ofisa Ustawi wa Jamii lazima ahusike.

Mashirika yasiyo ya kiserikali yana sheria yao ya mwaka 2002. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliyataka mashirika yaliyokuwa yameandikishwa kama makampuni, huku yakifanya kazi za kusaidia jamii, yajiandikishe upya chini ya sheria hiyo. Cheti sasa kina muda wa miaka kumi, kisha huombwa tena. Kila mwaka shirika hutakiwa kutoa taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Kwa kituo kidogo hii ni kazi nzito yenye gharama, na wanaoendesha vituo kwa uaminifu wanahitaji msaada wetu katika hilo. Kwa mzazi, hata hivyo, ni kinga.

KWA NINI TUNASISITIZA

Mwaka 2022 shirika la utangazaji la BBC lilionyesha habari za watoto wenye ulemavu waliochukuliwa kutoka Tanzania hadi Nairobi. Wazazi waliahidiwa maisha bora kwa watoto wao. Watoto wakawekwa barabarani kuomba, na fedha zikachukuliwa na wengine. Hilo ni kosa chini ya Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Umaskini na aibu ndivyo vinavyowafungulia mlango watu wa namna hiyo. Mtoto aliyefichwa ndani, asiyejulikana hata kwa mwenyekiti wa kitongoji, akiondoka usiku hakuna atakayemwulizia.

MASWALI YA KUULIZA

Mtu akija kutaka kumchukua mtoto, fanyeni hivi:

1. Mwombeni aonyeshe cheti cha usajili na leseni. Pigeni picha au mwandike namba.
2. Nendeni naye kwa mtendaji wa kijiji, na kwa Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, iwe ya Lushoto au Bumbuli. Asiyetaka kufika huko, mkataeni.
3. Ulizeni nani atamtibu mtoto, atasoma wapi, na mtamtembelea lini. Mmoja wenu akaone kituo kwa macho yake kabla mtoto hajaondoka.
4. Msipokee fedha yo yote kwa ajili ya kumtoa mtoto.
5. Mkiwa na wasiwasi, toeni taarifa polisi au pigeni namba 116 ya kusaidia watoto, ambayo hailipiwi.

MAANDALIZI YA NYUMBANI KWANZA

Hatusemi vituo ni vibaya. Hapa kwetu Usambara huduma hizi zina historia ndefu. Lutindi ilianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwanzoni mwa karne iliyopita imekuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Irente kuna shule ya wasioona, na pia Shule ya Irente Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Shule kama hizo humfundisha mtoto bila kumkatia ukoo wake.

Lakini watoto wengi hawahitaji kuhama nyumbani. Mguu kifundo ukianza kutibiwa katika wiki za kwanza, hunyooshwa kwa kuwekewa P.O.P. mara kadhaa, na mtoto hutembea. Kifafa kwa wengi hutulia kwa vidonge vinavyomezwa kila siku bila kuachwa. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji kukalishwa vizuri, kulishwa akiwa ameinuliwa ili asipaliwe, na kunyooshwa viungo kila siku kama mlivyoonyeshwa kliniki. Kumfungia ndani au kumfunga kamba humwongezea ulemavu.

Tunawasihi basi: mleteni mtoto hospitali mapema, mwandikisheni kwenye kamati ya kijiji, na mpelekeni shuleni umri ukifika. Mwalimu akimkataa, mwambieni Ofisa Elimu Kata. Na majirani, mkijua nyumba yenye mtoto aliyefichwa, nendeni mkawasalimu na kuwaambia kwamba msaada upo. Mtoto anayejulikana na kijiji kizima si rahisi kupotea.