Engaruka: Mji wa Mawe Usio na Ikulu
Watu wa kale wa kisiwa cha Krete tunawaita Waminoa, jina lililoenezwa na mwanaakiolojia Arthur Evans. Maandishi yao ya mwanzo hayajasomeka hadi leo. Wakulima wa Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa mkoani Arusha, nao jina lao limepotea, lakini mawe yao yanasema. Kati ya karne ya 15 na ya 18 walilima takriban hekta 2,000 za nchi kame, wakichepusha vijito kwa mifereji hadi kwenye majaruba yaliyozungushiwa mawe. Krete ina kasri la Knossos. Engaruka hakujaonekana kasri lolote, na hapo ndipo ninapouona ukuu wake. Wapo wasemao kazi kubwa hivyo haiwezekani bila mfalme wa kuamrisha. Hoja hiyo ina uzito, ila uchunguzi wa udongo umeonyesha kwamba sehemu za mashamba zilijengeka kidogo kidogo, tope lililoletwa na maji likinaswa nyuma ya kuta. Tena Wasonjo wa Ngorongoro, ambao baadhi ya watafiti huwahusisha na Engaruka, wamegawana maji kwa zamu chini ya baraza la wazee, bila mfalme.