Usiondoke Mizanini Kabla ya Risiti

Mkulima wa majani chai aliye mwangalifu hatui kikapu chake kituoni akaenda zake. Husimama karibu na mizani, akatazama uzito ukisomwa, wala haondoki mpaka apewe risiti. Afanya hivyo si kwa kumdhania karani kuwa mwizi, bali kwa sababu hesabu iliyotazamwa na watu wawili haizui ugomvi baadaye. Ajabu ni kwamba watu wengi wenye busara ya namna hii, siku ya uchaguzi, hupiga kura asubuhi wakarudi shambani, na hesabu yenyewe wakawaachia wengine. Makala haya yawahusu wale wachache wasioondoka, wanaojitolea kukaa kituoni hata usiku ili kura za wenzao zisipotee.

Haki hii haikuja kwa urahisi. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, viti vilikuwa 8 tu. Mtu alipimwa kwa elimu, mapato, mali au utumishi wake, hata mmoja akaweza kuwa na kura 3 na jirani yake asiwe na hata moja. Mwaka 1988, katika uteuzi wa chama cha KANU, wapiga kura walipangwa mistari nyuma ya wagombea wao mchana kweupe. Watu wakalalamika kwamba mistari mifupi ilitangazwa kuwa ndiyo iliyoshinda. Lakini mistari ilipokwisha kutawanyika, ushahidi nao ulikuwa umekwenda nayo. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Baada ya uchaguzi wa 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Mwaka 2008 Tume ya Jaji Kriegler ilieleza ya kuwa makosa ya hesabu yalikuwa mengi mno, hata haikuwezekana kumjua mshindi kwa yakini. Kwa hiyo Katiba ya 2010 yaagiza kura zihesabiwe na matokeo yatangazwe palepale kituoni.

Basi mtu anayejitolea hufanya nini? Huwapo kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, ili aone sanduku likionyeshwa kuwa ni tupu kisha likifungwa kwa lakiri. Mchana hutazama jinsi wazee, vipofu na wasiojua kusoma wanavyosaidiwa. Mtu wa namna hiyo ana ruhusa ya kuja na msaidizi amwaminiye, naye msaidizi hutia sahihi ahadi ya kutunza siri. Saa kumi na moja jioni, aliyekwisha kuwamo mstarini ana haki ya kupiga kura, hata jua likitua kabla ya zamu yake. Mlinzi mwema huijua sheria hiyo, naye humkumbusha msimamizi kwa adabu asije mtu akarudishwa nyumbani bure.

Kisha yaja kazi kubwa. Kila karatasi hufunuliwa, jina likasomwa kwa sauti, na karatasi ikaonyeshwa kwa waliohudhuria. Hesabu ya kura za urais huandikwa katika Fomu 34A, ikatiwa sahihi na msimamizi pamoja na mawakala, na nakala yake ikabandikwa mahali pa wazi. Fomu hiyo ndiyo risiti yetu.

Wala asidhani mtu kuwa karatasi hiyo ni jambo dogo. Tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais. Miongoni mwa sababu zake ni kasoro katika kupeleka matokeo, na fomu zilizokosa alama za usalama au sahihi zilizotakiwa. Mwaka 2022 Tume ya Uchaguzi iliziweka picha za Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 mahali ambapo raia yeyote aliweza kuzisoma, na karani yeyote ajuaye kujumlisha akaweza kuzijumlisha mwenyewe.

Lakini hapana budi mlinzi afuate sheria. Haingii kituoni kwa kupenda kwake tu: ama awe wakala aliyeteuliwa na chama au mgombea, ama mwangalizi aliyepewa kibali na Tume. Mwangalizi hapigi kampeni, haagizi watumishi wa kituo, wala hashangilii matokeo. Huandika saa, hesabu na aliyoyaona kwa macho yake, kwa maana uvumi hauna mashiko mbele ya hakimu.

Uchaguzi mkuu hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Yafaa mwenye elimu ya kalamu ajiandikishe mapema, ahudhurie mafunzo, na siku hiyo achukue kalamu, tochi na chakula cha usiku. Aliyechoka aende akalale; lakini katika kila kituo pawe na mtu mmoja mwaminifu atakayebaki mpaka risiti ibandikwe mlangoni.