Kabla ya Kununua Nyumba ya Kupangisha Mjini

Msimu ukishapita na karafuu zikishapimwa, wapo wanachama wetu wenye fedha ya kutosha kufikiria kununua nyumba ya kupangisha, Chake Chake au Mjini Unguja. Fikira hiyo hatuilaumu. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka; huzaa kwa wingi msimu mmoja kisha ukapumzika, na kodi ya nyumba huja hata mwaka ambao majamvi ya kuanikia yamekunjwa. Lakini fedha hiyo ni jasho la miaka, na ikipotea hairudi upesi. Kwa hivyo twaona yafaa kueleza mambo ya kutazamwa kabla ya kutoa hata arubuni.

La kwanza, na ndilo kubwa, ni kumjua mwenye nyumba. Kuwa na ufunguo si kuwa na nyumba. Tuchukue mfano: mtu amekufa, wazazi wake walimtangulia, ameacha mke mmoja, wana wawili wanaume na binti mmoja. Madeni na wasia vikishatolewa, mke ana thumni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Ukiifanya nyumba mafungu 40, mke ana 5, kila mwanamume ana 14, na binti ana 7. Basi kaka mkubwa akikuuzia nyumba nzima kwa saini yake peke yake, alichonacho cha kuuza ni mafungu 14. Yale 26 yana wenyewe, na mmoja wao pengine ameolewa Maskati na khabari ya kuuzwa nyumba hana. Siku atakayorudi, atakayemkuta ndani ya ugomvi ni wewe. Taka hati ya mirathi, hesabu majina, na kila mmoja atie saini yake, au wakili wake mwenye hati ya uwakala. Akiwamo mtoto mdogo, usiende mbele bila ya mahakama ya Kadhi.

Sisi wa mashamba twajua kuwa mti waweza kuwa wa mtu huyu na ardhi ya mtu mwingine. Mjini ni vivyo hivyo: nyumba yaweza kuwa ya muuzaji na kiwanja kikawa cha wakfu, na wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Jawabu ya hilo iko Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, si kwa dalali. Tena, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma, na mtu ana haki ya kuitumia. Na haki hiyo, kwa sheria ya mwaka 1994, haihamishwi mpaka bodi ya serikali ya uhaulishaji itoe idhini. Karatasi iliyoandikwa mbele ya sheha ni ushahidi mzuri, lakini haitoshi peke yake.

Kisha zungumza na wapangaji, muuzaji akiwa hayupo. Waulize wanalipa kodi gani, na wamelipa mpaka mwezi gani. Muuzaji aliyekwisha kupokea kodi ya mwaka mzima, au kilemba, atakuachia watu wasiokuwa na la kukulipa. Uliza pia deni la umeme na la maji.

Nyumba yenyewe itazame wakati wa masika, usiitazame kiangazi imeshapakwa rangi. Nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe huuawa na maji yanayoingia kwa juu: paa likivuja, chokaa hulegea na vichwa vya boriti huoza ndani ya ukuta, mahali jicho halifiki. Zigonge boriti kwa fundi wako mwenyewe. Ukuta wa chokaa uliopigwa saruji juu yake tusiufurahie, maana unyevu hufungwa ndani. Na kubadili nyumba za huko kwahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kwa nyumba mpya za matofali, uliza mchanga ulitoka wapi. Mchanga wa pwani una chumvi, nayo hula nondo.

Mwisho hesabu. Nyumba ya shilingi 60,000,000 yenye kodi ya 300,000 kwa mwezi yaonekana kuleta 3,600,000 kwa mwaka. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, na 600,000 za matengenezo; zimebaki 2,700,000. Mtaji wako utarudi baada ya miaka 22 na zaidi. Mwenye kuona ni mingi, na apunguziwe bei au aiache.

Mwanachama anayetaka kusomewa hati kabla ya kulipa, ailete afisini asubuhi siku yoyote ya kazi, pamoja na majina ya warithi wote.